Chiriku na Neno Lililomezwa

Asubuhi nyumbani kwao Chiriku ilianza kwa sauti ya kompyuta. Wazazi wake walikuwa waokaji mikate, nao waliondoka kabla hakujapambazuka, kwa hiyo nyumba ilibaki na yeye na shangazi yake. Shangazi hakuwa akiona tangu utotoni. Alipokuwa akipiga pasi sare yake ya kazi, akipapasa mshono wa kola kwa kidole gumba kabla ya kushusha pasi, kompyuta iliyokuwa mezani ilimsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini: habari, ujumbe wa ofisini, hata utani wa rafiki zake. Sauti hiyo ilikwenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Mgeni angedhani ni redio iliyoharibika, lakini shangazi aliifuata bila shida, akicheka pale pa kuchekesha na kuguna pale pa kuguna.

Mara nyingi alimtania Chiriku kwamba watu wenye macho husoma polepole mno, eti ndiyo maana hawamalizi kazi zao. Jina la Chiriku alimpa yeye mwenyewe, kwa sababu mtoto huyo alianza kusema mapema na tangu siku hiyo hakupumzisha mdomo. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na bado hakupumzika.

Shangazi alikuwa opereta wa simu hospitalini. Mtu akipiga kuuliza daktari fulani yupo lini, au wodi inafunguliwa saa ngapi kwa wageni, sauti iliyomjibu ilikuwa ya shangazi. Matangazo ya siku aliletewa kwenye kompyuta, na programu ileile ya kusoma skrini iliyompigia kelele nyumbani ndiyo iliyomsomea kazini. Wenzake walizoea kusema kwamba ukitaka kujua jambo lolote la hospitali ile, usimuulize mganga mkuu, muulize opereta.

Mwalimu wa kompyuta ndiye aliyewaeleza wanafunzi kwamba programu hiyo ni huria. Maana yake, alisema, maelekezo yanayoiendesha hayakufichwa. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, akiona kosa akalirekebisha, kisha akayapeleka marekebisho yake kwa jumuiya ya watu wanaojitolea kuitunza. Hata mwanafunzi anaruhusiwa, mradi mwalimu wake amdhamini. Jumuiya hiyo imetawanyika huku na huko. Wengi wao hawajawahi kuonana, nao hujuana kwa majina ya utani tu.

Chiriku alilipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Kwa miaka mingi programu ilipokutana na kifupisho cha neno daktari ilisoma “dikiti”, na shangazi alikuwa akiwaita madaktari wote “madikiti” kwa mzaha. Chiriku alitafuta mahali kosa lilipokuwa, akaandika kanuni mpya, akamwita shangazi asikilize. Shangazi alisikiliza kwa kasi yake ya kawaida, akamwambia neno limenyooka ila mwisho limekatika. Chiriku akarudia. Safari ya pili shangazi alicheka mpaka ikabidi aiweke pasi pembeni. Marekebisho hayo yalipokelewa, na mengine kadhaa yaliyofuata, yote yakiwa yamepita masikioni mwa shangazi.

Basi akaanza kutamani uanachama. Jumuiya ilikuwa na ngazi iliyoitwa mwanachama mchangiaji. Ukiipata, jina lako linaandikwa kwenye ukurasa wa wachangiaji, unapiga kura mambo yanapoamuliwa, na kazi yako inaaminiwa zaidi. Aliyetangulia kuipata darasani kwao alikuwa mvulana aliyekaa naye dawati moja, ambaye wote walimwita Twiga kwa urefu wake. Mwalimu alimsimamisha mbele, darasa likapiga makofi. Chiriku naye alipiga makofi, huku moyoni akijiuliza Twiga ana nini ambacho yeye hana.

Maombi ya muhula huo yalikuwa yafungwe Ijumaa. Kazi zake zilizokwisha kupokelewa zilikuwa pungufu kidogo ya zile zilizotakiwa. Ilibaki moja tu. Alhamisi mchana, akiwa kwenye chumba cha kompyuta cha shule, alikumbuka kwamba programu ilikuwa na kawaida ya kusimama kidogo baada ya maneno mafupi kama “ni”, “si” na “wa”, kama mtu mwenye kwikwi. Akatazama namna lugha nyingine zilivyolishughulikia jambo hilo, akakuta kanuni inayofupisha maneno madogo ili usemi utiririke. Akaichukua, akaibadilisha hapa na pale, akaibandika.

Chini ya ukurasa wa kutuma kulikuwa na visanduku viwili vya kutia alama. Cha kwanza kiliuliza kama marekebisho yamesikilizwa kwa mwendo wa taratibu na kwa mwendo wa kasi. Cha pili kiliuliza kama yamesikilizwa na mtu anayeitumia programu kila siku. Spika za chumba kile zilikuwa mbovu, na kengele ilikuwa karibu kulia. Shangazi angekuwepo nyumbani jioni ile, na Ijumaa ilikuwa bado haijafika. Chiriku alijiambia kwamba kanuni yenyewe ni ndogo, watu wa lugha nyingine wanaitumia bila matatizo, na kwamba atasikiliza usiku akifika nyumbani. Akatia alama kwenye visanduku vyote viwili.

Kisha akaandika ombi lake. Alipofika mahali pa kujieleza alisita, halafu vidole vikamponyoka: “Naishi na shangazi yangu asiyeona, anayetumia programu hii kila siku. Kazi zangu zote hupita kwake kwanza.” Aliisoma sentensi hiyo, akaiona nzuri. Ilikuwa kweli kwa kazi zote isipokuwa moja.

Usiku ule alikumbuka akiwa anaosha vyombo. Shangazi alikuwa amechoka, ameketi na miguu juu ya kigoda, na Chiriku akaona si vizuri kumsumbua. Kesho yake hakukumbuka tena, au tuseme hakutaka kukumbuka.

Mtu aliyepitia ombi lake katika jumuiya aliitwa Kobe, kwa kuwa hakuwa na haraka na jambo lolote. Safari hii hata Kobe alijibu upesi. Aliandika kwamba sentensi ile ya shangazi ndiyo iliyomfanya akubali bila wasiwasi, maana ni wachangiaji wachache walio na sikio la namna hiyo nyumbani kwao. Jina la Chiriku likaandikwa kwenye ukurasa. Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa, na Twiga ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Nyumbani mama yake alileta keki aliyoichelewesha makusudi kwenye tanuri ili waile ikiwa moto, na shangazi alitangaza ofisini kwake mpaka wenzake wakamwomba apumzike. Toleo jipya la programu lilipotoka, likaingia lenyewe kwenye kompyuta za watu, pamoja na ile ya chumba cha simu hospitalini.

Haikupita wiki. Jioni moja shangazi alirudi kutoka kazini akaketi bila kuvua viatu. Chiriku, aliyekuwa akipanga vikombe kwenye rafu, alianza kumsimulia mambo ya shuleni, akasimulia mpaka akagundua kwamba anazungumza peke yake. Ndipo shangazi akaeleza, kwa sauti ya chini, kilichotokea.

Watu wengi walikuwa wamepiga simu kuuliza kuhusu kliniki ya macho, naye akawaambia waje Jumatano. Jumatano ilipofika, walikuja, wakakuta mlango umefungwa. Mzee mmoja alikuwa ametoka mbali, ameshikwa mkono na mjukuu wake aliyeomba ruhusa kazini. Mjukuu akaja juu, na hakukosea kuja juu. Msimamizi wa ofisi akaingia chumba cha simu, akalisoma tangazo kwa sauti mbele ya watu wote: “Kliniki ya macho si Jumatano hii.”

“Mimi nilisikia Jumatano hii,” shangazi alisema. “Nililirudia tangazo, nikasikia vilevile. Sikusikia ‘si’ hata kidogo. Sasa wameniwekea msichana wa mapokezi, kila asubuhi anisomee matangazo kama mtoto wa chekechea.”

Kikombe alichokishika Chiriku kilibaki mkononi. Alijua palepale. Hakuhitaji kufikiri, ilikuwa kama mtu amemwita kwa jina lake kutoka nyuma. Alifungua mdomo aseme, kisha akakiweka kikombe kwenye rafu. Shangazi akaendelea kusema kwamba huenda masikio yameanza kumwacha, na kwamba kesho kutwa ataomba miadi akapimwe.

Mtoto aliyekuwa haachi kusema alimaliza jioni ile bila maneno kumi. Mama yake alimgusa paji la uso akidhani ana homa. Uso ulikuwa kweli una moto, lakini wa haya. Kila shangazi alipopita karibu, Chiriku aliinamisha kichwa, halafu akaona haya zaidi kwa kukumbuka kwamba shangazi hamwoni, na kwamba anajificha mbele ya mtu ambaye hawezi kumtazama.

Siku iliyofuata aliazima spika za masikioni kwa Twiga, akalisikiliza tangazo lile alilolichapa mwenyewe. Kwa mwendo wa taratibu, “si” ilisikika, fupi lakini ipo. Akaongeza kasi mpaka ile ya shangazi. Neno likamezwa. Palibaki upenyo mdogo kama pumzi, basi. Akarudia, akarudia tena, kana kwamba neno lingerudi kwa kuonewa huruma. Twiga aliuliza kama kuna tatizo, akajibiwa hakuna. Hilo nalo likawa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Angeweza kusema siku ile. Alipanga kusema. Lakini kila alipopanga maneno, aliliona jina lake likifutwa kwenye ukurasa, akamwona mwalimu, akamwona Twiga, na jioni ikapita. Wakati huo shangazi alipata miadi yake. Wazazi walikuwa kazini, hivyo ni Chiriku aliyeombwa kumsindikiza.

Chumba cha kupimia masikio kilikuwa kidogo, kimezibwa kuta kwa sponji. Mpimaji alimvalisha shangazi vifaa vya kusikilizia, akamwelekeza ainue kidole kila atakaposikia mlio, hata uwe mdogo namna gani. Chiriku aliketi kwenye kiti cha pembeni. Alimwona shangazi amenyoosha mgongo, mdomo ameubana, kidole kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, kwa bidii ya mwanafunzi anayeogopa kufeli mtihani. Jasho lilimtoka shangazi kwenye mdomo wa juu. Chiriku alitamani sakafu ifunguke aingie.

Mpimaji alipomaliza aliwaambia kwa furaha kwamba masikio yale ni mazima, tena yanampita yeye mwenyewe. Chiriku alidhani shangazi atafurahi. Shangazi alishukuru kwa adabu, wakatoka, wakaketi kwenye benchi la korido ili shangazi akunjue fimbo yake nyeupe ya kutembelea. Lakini hakuikunjua. Aliishika tu mapajani.

“Basi kama tatizo si masikio,” alisema polepole, “tatizo ni kichwa. Hilo ni baya zaidi, Chiriku. Sikio wanaweza kulitia dawa.”

“Si kichwa chako, shangazi. Ni mimi.”

Akaeleza yote. Alieleza kuhusu kanuni aliyoibandika, spika mbovu, visanduku viwili, na ile sentensi aliyoiandika kwenye ombi. Hakulia mpaka alipofika kwenye sentensi. Watu walipita koridoni, muuguzi akasukuma kitanda cha magurudumu mbele yao, na shangazi akavuta miguu yake kupisha.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu jioni ile uliporudi.”

“Tangu jioni ile,” shangazi alirudia. “Ukanishika mkono ukanileta hapa. Nikakaa mle ndani nikisikiliza milio, na wewe pembeni unajua.”

Hakupandisha sauti, na Chiriku angependa angeipandisha. Angekaripiwa, angekuwa na kitu cha kushindana nacho. Sasa alikuwa na maneno hayo tu. Akasema samahani, akaona neno lenyewe dogo, akalirudia hata hivyo. Shangazi akaikunjua fimbo.

“Samahani yako nitaishughulikia baadaye. Mimi nimekwisha kujua kosa liko wapi. Wapo wengine wanaosikiliza programu hii sasa hivi na hawajui. Shule haijafungwa. Twende.”

Mwalimu wa kompyuta alikuwa bado kwenye chumba chake, akifuta ubao. Alisikiliza akiwa amesimama, dasta mkononi. Chiriku alitarajia hasira. Alichokiona ni mwalimu kukaa chini taratibu na kusema kwamba yeye ndiye aliyemdhamini, kwa hiyo jina lake nalo limo ndani ya jambo hili. Hilo Chiriku hakuwa amelifikiria. Kisha mwalimu akamwashia kompyuta, akamwambia aandike mwenyewe, kwenye baraza la jumuiya ambako kila mmoja anasoma.

Chiriku aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwanzoni aliandika kwamba spika za shule zilikuwa mbovu na muda ulikuwa mfupi. Shangazi, aliyekuwa akisikiliza kompyuta ikisoma, alimwambia kwamba hizo spika hazikutia alama kwenye kisanduku. Chiriku akaziondoa. Kilichobaki kilikuwa kifupi: kwamba kanuni yake inameza neno “si” programu inapokwenda kasi, kwamba hakuisikiliza wala hakumsikilizisha mtu yeyote, ingawa alisema amefanya hivyo, kwamba watu wamepewa habari za uongo kwa sababu hiyo, na kwamba anaomba toleo la zamani lirudishwe na jina lake liondolewe.

Kobe alijibu kabla hawajainuka kwenye viti. Kanuni ilikwisha kuondolewa, na onyo lilikuwa linakwenda kwa watumiaji wote. Aliandika kwamba naye alipaswa kusikiliza kabla ya kukubali, na hakusikiliza kwa sababu alimwamini. Jina la Chiriku litaondolewa kama alivyoomba. Akiwa tayari kuomba upya siku moja, ombi lake litasomwa kama la mwombaji mwingine yeyote. Mtu mwingine akaandika chini yake kwamba kwa siku kadhaa wenzake kazini walikuwa wakimcheka kwa kuelewa kila agizo kinyume, na sasa angalau anajua sababu. Chiriku aliyasoma maneno hayo, uso ukimwiva. Alikuwa amemfikiria shangazi peke yake. Huyu hakumfahamu, wala hatamfahamu kamwe, na bado alikuwa amemfanya achekwe.

Kesho yake alikwenda na shangazi ofisini. Alimwamkia msimamizi, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akakiri aliyoyafanya. Maneno yalimtoka vizuri kuliko alivyoogopa. Msimamizi alimsikiliza, kisha akavua miwani. Alimgeukia opereta wake na kumwambia kwamba alimsomea tangazo lile mbele ya watu, na kwa hiyo atamwomba radhi mbele ya watu haohao. Akafanya hivyo, kwa sauti ileile. Msichana wa mapokezi akarudi mapokezi. Shangazi mwenyewe aliwapigia simu waliopotezewa siku yao, mmoja mmoja, akawapa siku ya kweli. Yule mjukuu alinuna mwanzoni, lakini mzee akauchukua ule mkono wa simu na kuuliza tu kama safari hii mlango utakuwa wazi. Chiriku, aliyekuwa ameketi pembeni, alilisikia swali hilo, na halikumtoka akilini.

Darasani haikuwa rahisi. Mwalimu aliwaeleza wanafunzi kilichotokea bila kuongeza wala kupunguza, na safari hii hakukuwa na makofi. Twiga hakumcheka. Alimsogezea tu spika zake za masikioni, akasema akae nazo mpaka shule inunue nyingine. Chiriku angeona nafuu kama angechekwa.

Muhula mzima aliendelea kuchangia bila uanachama, kazi ndogondogo ambazo wengine hawakuzipenda. Kila moja aliileta kwa shangazi, na shangazi hakumhurumia. Mara nyingine alimrudisha kazini mpaka Chiriku akakaribia kununa. Mwisho wake aliomba tena. Katika kujieleza aliandika kosa lake mwenyewe kwanza. Kobe alichelewa kama kawaida yake, akauliza maswali, akasikiliza kila kitu, na hatimaye akamkubali.

Siku hiyo Chiriku alikwenda kukaa karibu na shangazi barazani. Alimwambia habari zile, halafu akakiri kwamba furaha haikuja kama alivyodhani. Kila akiliona jina lake kwenye ule ukurasa, alisema, bado anaona haya.

Shangazi aliutafuta mkono wake, akaushika.

“Kukosea si jambo kubwa, mwanangu. Hata mimi nimewahi kumuunganisha daktari na duka la samaki. Ungeniambia jioni ile kwamba umekosea, tungecheka kabla ya kulala. Kilichoniumiza ni kwamba ulisema umesikiliza, na hukusikiliza. Mimi natembea juu ya maneno ya watu. Mtu akiniambia hapa pana ngazi, naweka mguu, siwezi kutazama kwanza. Na si mimi peke yangu; hata wenye macho, kwa mambo mengi, wanaweka mguu pale walipoambiwa. Kwa hiyo ukisema umefanya kazi, uwe umeifanya. Kama hujaifanya, sema hujaifanya, hata kama utachelewa, hata kama mwingine atatangulia.”

Chiriku aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka, akasema kwa sauti kwamba amesikia.

“Na hiyo haya,” shangazi akaongeza, “usiharakishe kuifukuza. Iache ikae kidogo. Inakuambia kwamba upande wa pili kuna mtu.”